Darasa la mfano au darasa la swali: lipi limfae mwanafunzi wa hisabati?

Chukua umbo moja tu, trapeza. Pande zake mbili sambamba zina urefu wa sentimita 6 na sentimita 10, kimo chake ni sentimita 4, na kazi ni kutafuta eneo.

Katika darasa la kwanza mwalimu anaandika kanuni ubaoni: nusu ya jumla ya pande sambamba, mara kimo. Anaingiza namba, anapata nusu ya 16 mara 4, yaani sentimita za mraba 32. Anafanya mfano wa pili wenye namba nyingine, anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Yanaandikwa maswali kumi na kila mmoja anainamia daftari lake. Dakika 40 zikiisha, walio wengi wamepata manane au tisa.

Katika darasa la pili hakuna kanuni. Mwalimu amechora umbo lilelile kwenye karatasi ya miraba. Anasema, "Eneo la mstatili mnalijua, la pembetatu mnalijua. Hili mtalipataje?" Kisha ananyamaza. Dakika tano za mwanzo ni za kunung'unika. Mmoja anazidisha 6 kwa 10, kwa kuwa hizo ndizo namba zilizo mbele yake. Mwingine anashusha mistari miwili apate mstatili katikati na pembetatu mbili ubavuni: 24 kujumlisha 8. Kundi la dirishani linapiga mstari kutoka kona hadi kona na kupata pembetatu mbili, moja ya 12 na nyingine ya 20. Msichana mmoja anachora trapeza ya pili iliyopinduliwa, anaiunganisha na ya kwanza, anapata msambamba wenye kitako cha 16 na kimo cha 4. Huo ni 64. Anagawa kwa mbili. Njia tatu, jibu moja: 32. Muda uliobaki unatumika kuuliza kwa nini zimekutana, na kanuni inajitokeza yenyewe kutoka kwenye mchoro wa yule msichana. Mazoezi? Maswali mawili, kengele ikalia.

Nitayaita darasa la mfano na darasa la swali. Wataalamu wana majina marefu zaidi, lakini haya yanatosha. Nawaandikia wenye nafasi ya kuchagua: mzazi anayetafuta mwalimu wa masomo ya ziada, mwanafunzi anayetaka kundi la kusomea, mwalimu anayepanga muhula wake. Nimefundisha kwa njia zote mbili na nina upande ninaouegemea. Siuegemei kwa kila mwanafunzi, wala kwa kila siku.

Raha ya kipindi na kinachobaki kichwani

Darasa la mfano lina raha yake, na wanaolibeza mara nyingi hawajawahi kusimama mbele ya wanafunzi wengi kupita kiasi. Mwanafunzi anajua anachotakiwa kufanya. Hatua zimeandikwa, namba zinabadilika, mkono unafuata. Mtoto mwenye haya anaweza kukaa muhula mzima bila kuaibishwa. Aliyekosa vipindi viwili kwa ugonjwa ataazima daftari la mwenzake na kujua walipofika. Tiki anazipata siku hiyohiyo, na tiki humpa mtoto moyo wa kurudi kesho.

Kasoro yake imejificha palepale penye raha. Kunakili kunafanana mno na kufikiri. Mwanafunzi anaweza kuhamisha ubao mzima hadi daftarini, kwa mwandiko mzuri na mistari ya rula, huku akili yake iko kwingine kabisa, na hata yeye mwenyewe asijue. Anakuja kujua usiku. Ndiyo sababu kila mwalimu wa hisabati ameshaambiwa, "Mwalimu, darasani nilielewa kabisa, nilipofika nyumbani hata la kwanza limenishinda." Mtoto hasemi uongo. Darasani alikuwa akifuata mawazo ya mtu mwingine. Njia uliyopitishwa umeshikwa mkono huijui mpaka siku utakayoipita peke yako.

Darasa la swali lina adha za aina nyingine. Kuna dakika ambazo hujui uanze wapi, na wenzako wawili tayari wanaandika. Kuna kelele. Kuna kundi la watu wanne ambamo mmoja anafanya kazi, mmoja anamshangilia, na wawili wanazungumza mambo yao. (Peter Liljedahl, mtafiti wa Kanada, anashauri makundi ya watatu yanayopangwa kwa bahati nasibu, wanafunzi wakiwa wamesimama kwenye ubao unaofutika na wakiwa na kalamu moja tu. Ukishajaribu utaona kwamba aliyesimama hana pa kujificha.) Na kuna lalamiko ambalo huwafikia wazazi kabla ya matokeo: "Mwalimu huyu hafundishi, tunajifundisha wenyewe."

Lalamiko hilo nilikuwa nikiliogopa sana. Nikaacha kuliogopa baada ya kusoma jaribio lililochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Waliwachukua wanafunzi wa kozi ya mwanzo ya fizikia. Kundi moja likasikiliza mhadhara ulioandaliwa vizuri, jingine likashughulikia maswali ya mada hiyohiyo katika vikundi vidogo. Kisha makundi yakabadilishana. Waliohangaika na maswali walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani. Walipoulizwa wanadhani wamejifunza kiasi gani, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo zaidi. Fizikia si hisabati na chuo si shule, lakini niliwatambua wanafunzi wangu katika habari ile. Mhadhara uliopangwa vizuri huteleza kama maji, na msikilizaji huchukua wepesi wa msemaji akadhani ni uelewa wake mwenyewe.

Kwa hiyo swali ambalo wazazi wengi hulitumia kupima, "Kipindi ulikipenda?", linapima kitu kingine kabisa.

Ukimya

Keti nyuma ya darasa lolote la hisabati na uhesabu kimoyomoyo mwalimu anapouliza. Mary Budd Rowe alifanya hivyo Marekani, hasa katika vipindi vya sayansi, na kazi zake za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba walimu kwa kawaida walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumgeukia mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi waliokuwa hawasemi wakaanza kusema.

Darasa la mfano halina haja kubwa ya ukimya kwa sababu maswali yake ni mafupi. "Tatu mara tano?" "Kumi na tano!" Ni kiitikio, kama cha wimbo, na katika kiitikio asiyejua maneno hufungua mdomo tu. Darasa la swali bila ukimya halipo kabisa. Kimya kingi kina mshindo, na mwalimu asiyeweza kukistahimili atatoa dokezo la kwanza, la pili, na kufikia la tatu atakuwa ameshafanya kazi yote mwenyewe.

Hapa pana udanganyifu ambao mwenye kuchagua anapaswa kuujua. Mwaka 1999, uchunguzi wa video uliofungamana na TIMSS, tathmini ya kimataifa ya hisabati na sayansi, ulilinganisha vipindi vya hisabati vya nchi saba. Marekani nayo ilikuwa na maswali ya kumfanya mwanafunzi aunganishe mawazo, yaani aina ya swali la trapeza yetu. Lakini yalipofanyiwa kazi darasani, karibu yote yaligeuzwa kuwa hatua za kufuata au jibu la kutajwa tu. Swali lilikuwapo kwenye karatasi. Mwalimu alilitafuna kabla ya kuwapa watoto. Shule inaweza kabisa kujitangaza kuwa ya "kufikiri kwanza" na ukikaa ndani ukakuta darasa la mfano lililovaa nguo mpya. Usiende kwa jina. Kaa dakika kumi, uone nani anashika kalamu.

Yule aliyezidisha 6 kwa 10

Ningependa kukaa kidogo na mtoto huyu, kwa sababu tofauti ya madarasa haya mawili naiona zaidi kwake kuliko kwa yule msichana mwerevu. Msichana yule angefaulu popote.

Katika darasa la mfano, huenda asingekosea kabisa. Angepewa kanuni, angeingiza namba, angepata 32 na tiki yake. Imani yake kwamba eneo ni kuzidisha namba mbili zozote unazoziona ingebaki salama, na ingemrudia baada ya miezi kadhaa kanuni ikishasahaulika. Kule kwenye darasa la swali amekosea hadharani. Mwalimu ameandika 60 ubaoni, hakusema ni sahihi wala si sahihi, akauliza kama kuna mtu anayeweza kuchora mstatili unaoizunguka trapeza hiyo. Mstatili ukawa na upana wa 10 na kimo cha 4. Eneo lake ni 40. Trapeza iko ndani yake na bado imeacha pembe mbili tupu. Basi inawezaje kuwa 60? Mtoto akacheka mwenyewe. Sasa amepata kitu ambacho kanuni haimpi: njia ya kulishuku jibu lake kabla ya mwalimu kulisahihisha.

Ni vivyo hivyo kwenye hesabu za sehemu. Anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano hahitaji kwanza kukumbushwa kigawe kidogo cha shirika. Anahitaji kuulizwa: mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo? Ulianza na nusu, ukaongeza, ukabaki na kidogo kuliko ulichoanza nacho?

Lakini haya yote yanategemea mdomo wa mwalimu. Katika darasa la mfano, mwalimu mkali humuumiza mtoto kwa alama nyekundu. Katika darasa la swali mtoto ametoa wazo lake mwenyewe, amelianika, na kejeli moja tu inatosha kumfunga mdomo mwaka mzima. Mwalimu mwenye kejeli ni hatari zaidi katika darasa la swali kuliko la mfano. Ukimkuta, mchague mwenye ubao na kanuni anayejua kunyamaza.

Hofu ya somo hili si jambo dogo. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2012, iliyowahoji vijana wa miaka 15, asilimia 59 walisema mara nyingi wana wasiwasi kwamba vipindi vya hisabati vitakuwa vigumu kwao, na kama asilimia 30 walisema hujihisi hawana msaada wanapofanya swali la hisabati. Wala hofu haiishii moyoni. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba wasiwasi hula nafasi katika ile sehemu ya akili inayoshika namba wakati unazifanyia kazi. Mtoto mwenye hofu anakokotoa huku nusu ya kichwa chake ikijibu swali jingine: nikikosea watasemaje? Mtazamaji ataona uzito wa kuelewa pasipo na uzito wowote wa kuelewa.

Umri wa nahodha

Kosa kubwa la darasa la mfano, kwa maoni yangu, limo katika kisa kimoja cha Grenoble, Ufaransa. Karibu na mwaka 1980, watafiti waliwapa watoto 97 wa madarasa ya chini swali hili: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri kwa kuzichezea namba hizo. Wengi wetu tungekisia jibu: 36.

Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza vizuri sana desturi ya darasa lao: mwalimu akitoa swali, jibu lipo, namba zilizotolewa lazima zitumike zote, ukisema "haliwezekani" utaonekana mvivu. Ni mkataba usioandikwa, na mtoto anautii kwa sababu umemletea tiki nyingi. Maswali kumi yanayofuata mfano mmoja humfundisha mkataba huo kila siku bila mwalimu kutamka neno. Njia rahisi ya kuuvunja, hata ndani ya darasa la mfano, ni kuchomeka mara mojamoja swali lisilo na jibu, au lenye namba ya ziada isiyohitajika. Wiki ya kwanza wataudhika. Wiki ya tatu wataanza kusoma swali kabla ya kushika kalamu.

Pale ambapo darasa la mfano linashinda

Nimelisema sana, sasa nilipe haki yake. Kuna siku ambazo darasa la swali ni ukatili.

Mtoto ambaye hajawahi kuona mlinganyo hata mmoja, ukimpa 3x + 7 = 22 na kumwambia "tafuta njia", unamtaka afikirie kwa wakati mmoja herufi ni nini, alama ya usawa inamaanisha nini, aanze kutoa au kugawa, na aandike wapi. Maji yamezidi unga. John Sweller, aliyefanya kazi Australia, alijenga nadharia yake ya mzigo wa akili juu ya jambo hili. Mwaka 1985, yeye na Graham Cooper walionyesha katika aljebra kwamba wanafunzi waliosoma mifano iliyokwisha kufanywa, kisha kila mfano ukifuatiwa na swali linalofanana nao, walitumia muda mfupi na kukosea kidogo kwenye maswali ya aina hiyo kuliko waliosukumwa kutatua yote wenyewe. Mgeni wa mada anahitaji kuona kwanza kazi iliyokamilika inafananaje. Toa 7 pande zote mbili, inabaki 3x = 15; gawa kwa 3, x ni 5. Rudisha 5 kwenye mlinganyo uone kama inakubali. Baada ya hapo ndipo umwachie.

Ila mfano huo huo humchosha aliyekwisha kuzoea. Watafiti wa mkondo wa Sweller wenyewe waligundua kwamba mwanafunzi akishakomaa katika mada, mifano humpunguzia kasi badala ya kumsaidia. Mwalimu anayeendelea kuonyesha hatua zote kwa darasa lililokwisha kuzielewa anawafundisha kusinzia.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Manu Kapur, aliyeanza kazi hii Singapore, aliwapa wanafunzi swali gumu kabla ya kuwafundisha, wakashindwa, kisha akawafundisha, nao wakaelewa kwa kina kuliko waliofundishwa kwanza. Mwaka 2021, yeye na Tanmay Sinha walikusanya tafiti 53 na kukuta faida hiyo kwa jumla ipo, lakini si kwa watoto wa madarasa ya chini, takriban la pili hadi la tano. Wasomaji wengi huondoka na neno "kushindwa" wakasahau "kisha akawafundisha". Kuhangaika bila kufundishwa baadaye ni kuhangaika tu.

Mazoezi, ambapo yote mawili huteleza

Darasa la mfano hutoa mazoezi mengi ya aina moja. Darasa la swali hutoa machache mno. Ningetaka mzazi aulizie jambo hili kabla ya kuuliza lolote kuhusu mtindo wa kufundisha.

Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha mwaka 2007 jaribio ambalo mimi hulirudia kila ninapozungumza na wazazi. Wanafunzi wa chuo walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali kwa mafungu: umbo la kwanza likaisha, ndipo la pili. Jingine lilipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, wa mafungu walipata asilimia 89 na wa mchanganyiko 60. Ungekuwa unapita na kuchungulia madaftari, ungechagua kundi la kwanza bila kusita. Wiki moja baadaye ukaja mtihani. Wa mafungu walipata asilimia 20, wa mchanganyiko 63. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sababu haina fumbo. Zoezi lenye kichwa "Eneo la trapeza" limeshakuambia kanuni ya kutumia. Kilichobaki ni kuzidisha. Mtihani hauna vichwa. Unakupa umbo na kukuacha uamue ni la nani, na kuamua huko ndiko mwanafunzi hakuwahi kukufanyia mazoezi. Mwalimu wa darasa la mfano anayechanganya maswali ya leo na ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita anamzidi, kwa macho yangu, mwalimu wa darasa la swali mwenye mijadala mizuri na madaftari matupu.

Tatizo la kuchanganya ni lile la Harvard: hakupendezi. Alama za zoezi zitashuka, mtoto atasema amerudi nyuma, na mzazi ataanza kutafuta mwalimu mwingine.

Muda na video

Darasa la swali linakula muda. Trapeza moja imemaliza kipindi. Mwalimu mwenye muhtasari mrefu na mtihani wa mwisho hawezi kufanya hivyo kila siku, na anayesema anaweza huenda anaruka mada kimyakimya. Mwulize ni mada zipi amezipunguza. Mwalimu mzuri atakuwa na jibu.

Njia ya tatu inayotajwa siku hizi ni video ya kutazamwa nyumbani, kisha maswali darasani. Kwangu hiyo ni darasa la mfano lililohamishwa, lenye faida moja kubwa, kwamba mtoto anaweza kulisimamisha na kulirudisha nyuma, na hasara moja kubwa, kwamba asiyelitazama anafika darasani mikono mitupu. Programu za mazoezi zinazosahihisha papo hapo ni nzuri kwa kuchanganya maswali. Hazimwulizi mtoto kwa nini.

Nani aende wapi

Mtoto wa madarasa ya chini anayeanza mada mpya kabisa: mfano kwanza, mfupi, kisha maswali ya kufikirisha siku inayofuata. Nisingemtupa kwenye maji marefu.

Kijana wa sekondari anayepata alama nzuri za zoezi lakini mtihani unamwangusha, huyo amekaa darasa la mfano muda mrefu mno. Mpeleke kwenye darasa la swali, au kama halipo, mkusanyie maswali ya mada mbalimbali, uyakate vipande, uyachanganye, na umwambie kwa kila swali aandike kwanza atatumia njia gani na kwa nini, hata kabla ya kukokotoa. Kuandika njia bila kukokotoa ni zoezi kamili. Dakika 20 zinatosha.

Mwenye hofu ni mgumu zaidi kumpangia. Watu humpeleka darasa la mfano ili apumzike, na kwa muhula mmoja inafaa. Akibaki huko anajifunza kwamba usalama ni kunakili. Ningetafuta mwalimu mpole kwanza, mtindo baadaye, na ningependa darasa ambalo kila mtu huandika jibu kwenye karatasi kabla ya yeyote kusema, ili asishindane na mikono minne ileile inayonyooshwa kila siku.

Mwenye mtihani wiki sita zijazo na mapengo mengi: darasa la mfano, bila kuona haya, mada kwa mada, lakini mazoezi yawe ya kuchanganywa tangu wiki ya pili. Huu si wakati wa kugundua kanuni upya.

Anayefanya vizuri na amechoka, yule anayemaliza maswali kumi kabla ya wenzake kufika la nne, asiongezewe mengine kumi. Mpe trapeza na umwambie atafute njia ya nne.

Na kama tayari umechagua na unataka kujua kama ulichagua vizuri, liache lile swali la kama kipindi kilipendeza. Jioni mwulize, "Leo nani alikosea, na mlifanyaje?" Akikujibu, "Hakuna aliyekosea," siku moja si neno. Ikiwa hivyo wiki nzima, nenda kaketi nyuma ya darasa. Akisema, "Fulani alisema 60, tukachora mstatili wa 10 kwa 4 tukaona haiwezekani," mwache hapohapo alipo, hata kama daftari lake la leo lina maswali mawili tu.